Jinsi ya Kumjengea Tabia Mhusika Wako katika Mchezo wa Kuigiza wa Mezani

Yeyote aliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari amefundishwa kutaja sifa za wahusika: huyu ni jasiri, yule ni mnafiki, mwingine ni mwenye msimamo, na kila sifa sharti ithibitishwe kwa tendo lililomo kitabuni. Ujuzi huo ni mzuri, lakini ukiupeleka ulivyo kwenye mchezo wa kuigiza wa mezani utakukwaza, kwa sababu mezani hakuna kitabu; kisa ndiyo kwanza kinatungwa, na watungaji wake ni ninyi mlioketi pale. Mchezaji anayeandika "jasiri, mkarimu, mcheshi" kwenye karatasi ya mhusika wake ameandika hitimisho la matendo ambayo hayajatendeka, na mara nyingi vikao kadhaa hupita bila sifa hizo kuonekana. Utaratibu ninaoupendekeza hapa ni wa kinyume: anza na matendo ambayo mhusika wako atayatenda mbele ya wenzake, kisha uwaachie wao kusema ana sifa gani.

Kwa asiyewahi kucheza, mambo ni haya. Watu wachache huketi pamoja, na mmoja wao huwa msimamizi, ambaye hueleza ulimwengu wa mchezo, huwasemea wenyeji na maadui wa ulimwengu huo, na huamua kanuni zinavyotumika. Kila mmoja wa waliobaki humwendesha mhusika mmoja na kusema anachofanya, na pale ambapo matokeo hayana uhakika hurushwa dadu. Mchezo uliofungua njia hiyo ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Ulichipuka kutoka kwenye michezo ya vita ya vinyago vidogo, na haukuuliza mengi kuhusu nafsi ya mhusika: mchezaji alichagua upande mmoja kati ya mitatu, yaani Sheria, Vurugu, au kutoegemea kokote. Kufikia mwaka 1978 pande hizo zilikuwa zimeongezwa mhimili wa wema na uovu, zikawa tisa. Pande hizo bado zinatumika, nami sizipingi, ila uzoefu unaonyesha kwamba hueleza matendo yaliyokwisha kutendeka kuliko zinavyoyazaa. Mwulize mchezaji mhusika wake "mwema na mfuata sheria" atafanya nini akikuta mlinzi anapokea rushwa ili awapitishe wakimbizi. Atakaa kimya, kwa sababu jibu haliko kwenye upande aliouchagua. Jaza nafasi hiyo kwenye karatasi, kisha uendelee na yenye manufaa zaidi.

Tukio moja, si wasifu mzima

Wachezaji wapya wenye ari huandika historia ya mhusika yenye kurasa nyingi: ukoo, vita vya mababu, majina ya miji. Msimamizi huisoma mara moja akiisoma, na wachezaji wengine hawaisomi kabisa. Kinachohitajika ni tukio moja tu la zamani, tena liwe ni tukio ambalo mhusika mwenyewe alitenda jambo ndani yake. Hapo ndipo wengi hupotea njia. Wazazi waliouawa na joka ndilo tukio linalochaguliwa sana kwenye meza hizi, na kasoro yake ni kwamba mhusika hakufanya lolote, alifanyiwa. Linampa huzuni na adui aliye mbali, lakini halimpi mazoea, aibu, wala swali la kujibu kila wiki.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Berka ni mpiganaji wa jamii ya vibete, aliyekuwa mlinzi wa lango katika mji uliochimbwa ndani ya mlima. Usiku mmoja wa baridi kali maadui walivamia, amri ya kufunga lango ikatoka, naye akalifunga kwa wakati, kama alivyofunzwa. Watu kadhaa walikuwa bado nje. Alisikia wakigonga. Hakuna aliyemlaumu, kinyume chake alipandishwa cheo, na miezi michache baadaye akaacha kazi bila kueleza sababu.

Tazama yaliyomo ndani ya sentensi hizo chache. Kuna tendo lake mwenyewe, tena tendo linaloweza kutetewa, hivyo Berka si mwovu wala si mtu aliyeonewa. Kuna sifa ya uongo aliyopewa, ambayo msimamizi anaweza kuirudisha wakati wowote kwa kumkutanisha na mtu wa mji wake anayemsifu mbele ya wenzake. Na kuna swali ambalo halijajibiwa: angepaswa kufanya nini? Tukio likiwa na jibu lililokamilika, mhusika hana cha kutafuta, na mchezaji hubaki akisimulia yaliyopita badala ya kucheza yaliyopo.

Ligeuze tukio kuwa mazoea

Mchezo wa Burning Wheel, uliotungwa na Luke Crane na kutolewa mwaka 2002, humtaka mchezaji aandike imani za mhusika wake, na pembeni yake silika, ambazo ni kanuni fupi za mwenendo: daima hufanya hivi, kamwe hafanyi vile, likitokea hili basi hufanya lile. Hata kama hamchezi mchezo huo, namna hiyo ya kuandika inafaa kuazimwa, kwa kuwa inakulazimisha kuacha vivumishi na kutumia vitenzi.

Kwa Berka, imani inaweza kuandikwa hivi: "Sitafunga tena mlango mtu akiwa bado upande wa pili." Silika yake ni hii: "Kila tunapopita mlango, huhesabu wenzangu, nami hupita wa mwisho." Sentensi ya pili ndiyo yenye faida kubwa zaidi mezani, ingawa inaonekana ndogo. Kwanza, michezo ya aina hii imejaa milango, malango, madaraja na mapango yenye midomo myembamba, hivyo mazoea hayo yatapata nafasi karibu kila kikao bila msimamizi kuandaa chochote. Zaidi ya hayo, hayachukui muda. Mchezaji husema tu, "Berka anahesabu: wanne, sawa," na mchezo unaendelea. Lakini lililo muhimu ni kwamba wenzake wana mahali pa kushika. Mwizi wa kundi anaweza kujificha kusudi ili amsikie akihesabu upya kwa hofu. Kasisi anaweza kuuliza siku moja kwa nini anahesabu. Na msimamizi, akiwa mjanja, anaweza kumfanya ahesabu watano.

Pima kila unachokiandika kwa swali hili: je, mwenzangu aliyeketi upande wa pili anaweza kukiona na kukijibu? "Ana huzuni ya ndani" haionekani. "Huongea na upanga wake usiku" huonekana, ila likirudiwa kila kikao litachosha, kwa sababu wenzake hawana la kufanya nalo zaidi ya kucheka mara ya kwanza. "Hukataa malipo yoyote asiyoyafanyia kazi" huonekana, tena huzua mjadala siku kundi likiokota sanduku la dhahabu. Ukipata mazoea mawili ya namna hiyo yanatosha. Matatu yanaweza kubebeka, lakini zaidi ya hapo utayasahau wewe mwenyewe katikati ya mapigano.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, lilitoa msaada wa tayari kwa kazi hii. Kila usuli wa mhusika, kwa mfano askari, mhalifu au mtumishi wa hekalu, ulikuja na majedwali: mambo manane ya tabia ambayo mchezaji huchagua mawili, kisha maadili sita, vifungo sita (yaani watu au mambo ambayo mhusika amefungamana nayo) na udhaifu sita, ambavyo huchukua kimoja katika kila kundi, ama kwa kuchagua ama kwa kurusha dadu. Kwa mgeni majedwali hayo ni neema, kwa kuwa humtoa kwenye karatasi tupu kwa dakika chache. Hata hivyo sentensi zake zimeandikwa kwa ajili ya kila mtu, na kila moja inahitaji kufungwa kwenye jambo la mhusika huyu. Ukipata kifungo cha kuwalinda wasioweza kujipigania, usikiache hivyo. Taja ni akina nani, wako wapi sasa, na ni nani miongoni mwao ambaye hapendi kulindwa nawe.

Soma namba zako kama dalili

Katika Dungeons & Dragons mhusika huwa na vipimo sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Binadamu wa kawaida ana 10 au 11 katika kila kimoja. Wachezaji hutazama namba kubwa wakifikiria mapigano, wakaiacha namba ndogo kabisa kama hasara ya kuvumilia, ilhali hiyo ndiyo yenye mengi ya kusema kuhusu tabia. Tuseme Berka ana nguvu 17, ustahimilivu 16, busara 13, wepesi 12, akili 10 na haiba 8. Haiba 8 hupunguza moja kwenye namba ya dadu yake kila anapojaribu kumshawishi mtu. Tafsiri ya haraka ni kwamba ana sura mbaya, na hiyo haikusaidii chochote. Tafsiri inayolingana na tukio lake ni kwamba huwakera watu kwa tahadhari zake: hurudia onyo lile lile, huwasahihisha walinzi wa malango ya miji ya wenyewe, na akitaka kusema neno la faraja huishia kutoa maelekezo. Sasa kila dadu ya ushawishi ikianguka vibaya mchezaji anajua ni kwa nini imeanguka vibaya, na kushindwa kwake kunakuwa sehemu ya mhusika badala ya kuwa bahati mbaya tu.

Udhaifu na anayeulipia

Katika masimulizi ya pwani, Fumo Liyongo alikuwa na mahali pamoja tu mwilini pa kumwua, kitovuni, tena kwa sindano ya shaba. Hiyo ni hali ya mwili wake, wala haitufundishi tabia yake. Tabia yake imo katika kumfunulia mwanawe siri hiyo alipoulizwa, kwa sababu angeweza kunyamaza na hakunyamaza. Wachezaji wengi huandika udhaifu wa aina ya kitovu: mguu mbovu, hofu ya buibui, laana ya ukoo. Hayo yana mahali pake, lakini udhaifu unaofaa kwenye nafasi ya tabia ni ule unaomfanya mhusika achague vibaya huku njia nzuri ikiwa wazi mbele yake.

Udhaifu wa Berka una sura mbili. Mbele ya watu huficha habari za lango. Akiulizwa husema usiku ule alikuwa likizo. Na imani yake, ambayo kwa mbali inaonekana kuwa wema mtupu, haina kikomo. Fikiria kundi limeteka adui, likamfunga kamba katika chumba cha chini, na sasa maji yanaingia. Mlango wa chuma lazima ufungwe mara moja, na adui yule, ambaye saa moja iliyopita alitaka kuwaua wote, bado yumo. Je, naye anahesabiwa? Berka hajawahi kujiuliza. Mchezaji wake pia hajui mpaka dakika hiyo, na hapo ndipo mchezo huu unapokuwa mtamu.

Hata hivyo dakika hiyo hiyo ndiyo inayoharibu vikundi vingi. Mchezaji anaweza kusema kwamba Berka anausimamia mlango kwa nguvu zake zote na kuuzuia usifungwe, kisha wenzake watatu wakazama kwa ajili ya uamuzi ambao hawakuufanya. Wakilalamika, atajibu kwamba ndivyo mhusika wake alivyo. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mhusika hakujiumba. Aliyemwandika yuko hapo mezani akila karanga na wenzake, naye ana uwezo wa kumchagulia tendo jingine linalolingana na tabia ile ile. Berka anaweza kuwaambia wafunge, yeye abaki ndani na adui yule wakitafuta njia nyingine. Anaweza kutii na kuufunga, kisha asiseme na mtu yeyote kwa muda wote uliosalia wa kikao. Katika njia zote mbili tabia yake imehifadhiwa, na anayelipa kwanza ni yeye. Ndiyo sheria ninayoishikilia kuliko nyingine zote: udhaifu wa mhusika umgharimu mwenye mhusika kabla ya kuwagharimu wengine, na pale ambapo utawagusa wengine, mchezaji atoke kidogo nje ya uigizaji, awatazame wenzake, na kuwauliza kama wanaliridhia jambo hilo. Kuuliza huko hakuvunji utamu wa mchezo. Mara nyingi wenzake huja na balaa kubwa zaidi kuliko alilolifikiria yeye.

Kwa sababu iyo hiyo mwizi anayewaibia wenzake usiku, au mpweke asiyemwamini yeyote na asiyetaka kusafiri na kundi, ni tabia ngumu sana kuibeba hata kwa mchezaji mzoefu. Ukiwa umeshikilia mpweke wako, mwandikie sababu moja ya kutoweza kuondoka, tena sababu yenye nguvu kuliko upweke wake.

Toleo la 2014 la Dungeons & Dragons liliweka na malipo kwa wanaocheza udhaifu wao kwa uaminifu. Msimamizi humpa mchezaji hamasa, ambayo baadaye humruhusu kurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Mchezo wa Pendragon wa Greg Stafford, uliotoka mwaka 1985, ulikwenda mbali zaidi: mhusika ana jozi 13 za tabia zinazokinzana, kama vile huruma na ukatili, na kila jozi hujumlishwa kuwa 20, hivyo huruma ikipanda ukatili hushuka. Dadu huweza kuamua kwamba shujaa mwenye huruma nyingi ameshindwa kumwua aliyeanguka. Wapo wasiopenda kunyang'anywa uamuzi namna hiyo. Mimi naona ni zoezi zuri kwa yule ambaye wahusika wake wote, wawe wachawi au wapiganaji, huishia kutenda kama yeye mwenyewe angetenda.

Wenzako na lugha

Tabia isiandikwe chumbani peke yake hadi mwisho. Kabla ya kikao cha kwanza cha mchezo, kaeni mkubaliane mambo ambayo hayataguswa kabisa, na kila mmoja aunganishe mhusika wake na mwingine angalau mmoja kwa sentensi moja. Berka na mwizi wa kundi wanafungamana kwa urahisi: mwizi ndiye mtu wa kwanza ambaye Berka aliwahi kumwona akifungua mlango ambao wengine walidhani umefungwa moja kwa moja, hivyo Berka humheshimu kupita kiasi, na mwizi hajui ni kwa nini.

Wanaocheza kwa Kiswahili wana silaha moja ya bei nafuu ambayo hawaitumii vya kutosha, nayo ni namna ya kuitana. Amua mhusika wako humwamkia nani shikamoo na hukataa kumwamkia nani. Humwita nani mzee, nani ndugu, nani mheshimiwa. Berka humwita kila mtu mwenzangu, awe mfalme au mchunga mbuzi, ila mwenye sare humwita bwana mkubwa, na kila aliyepo mezani anasikia dharau iliyomo. Hilo linatosha, huna haja ya kubadili sauti. Jihadhari na lafudhi. Ni rahisi kumpa kibete au orki, yule kiumbe wa kubuni wa kutisha, lafudhi ya kabila fulani ili watu wacheke, na utani wa makabila tumeuzoea, lakini kicheko hicho humgeuza mhusika kuwa kikaragosi, tena huenda anayelengwa ameketi karibu nawe na hajachagua kutaniwa.

Usione haya kusema kwa nafsi ya tatu. "Berka anamwambia nahodha kwamba hatoki" ni uigizaji kamili sawa na kulitamka neno lenyewe, na wachezaji wengi wakimya wamewaendesha wahusika wa kukumbukwa kwa njia hiyo. Muhimu ni kuonyesha mazoea yako mapema, ndani ya nusu saa ya kwanza ya kikao cha kwanza, kabla wenzako hawajamzoea mhusika wako kuwa yule mwenye shoka tu.

Andika kwa penseli

Baada ya vikao vitatu au vinne, soma upya ulichokiandika. Sentensi ambayo haijawahi kutumika ifute bila huruma, hata kama uliipenda. Iliyotumika ikabadilika, iandike upya kama ilivyo sasa. Ikiwa Berka alibaki ndani na adui yule, wakatoka wote wawili wakiwa hai, imani yake haiwezi kubaki vile vile. Pengine sasa inasomeka, "Ninayemtoa nje ni wangu kumwangalia," na adui yule ameanza kufuatana na kundi bila mtu kumwalika. Ikiwa aliufunga mlango, imani ya zamani imevunjika, na mchezaji ana kazi ya kuamua kama Berka atamweleza mtu ukweli wa lango la kwanza au ataongeza uongo mwingine juu yake. Usimalize jambo hilo peke yako nyumbani. Liandike kama swali, umpe msimamizi nakala ya imani, silika na udhaifu kama zinavyosomeka sasa, na umwachie atafute mlango mwingine wa kuliweka.